Mtani wa Namba Tisa

Nyumba ina mlango na haifunguki, ina dirisha na haichunguliki, lakini moshi unatoka. Ni nini?

Kama wewe si mtu wa kota zetu utasema chungu, utasema tanuri la matofali. Mmoja aliwahi kuniambia ni sigara. Wote wamekosa. Ni nyumba namba tisa, ya mzee Anord, kuanzia mwezi wa tatu tulipomzika mke wake mpaka Ijumaa moja ya mwezi wa saba. Hiyo Ijumaa ndiyo ninayotaka kuwasimulia, maana mpaka leo nikiikumbuka napumua vizuri.

Kota zetu ziko upande wa juu wa mji wa Mbeya. Ni nyumba arobaini za umma, za bati na saruji, zimejengwa mbili mbili zinagawana ukuta mmoja. Mimi nilitoka Nyololo miaka miwili iliyopita. Binti yangu Violet, muuguzi, alipopangiwa namba kumi alinifuata. Akasema, "Mama, twende, huku unazeekea kuku." Nikafunga vyombo nikaja. Siku ya kwanza nashusha ndoo zangu, mzee mmoja mrefu amesimama mlango wa jirani, kofia mkononi.

"Mama umetoka wapi?"

"Nyololo, baba. Mimi Mhehe."

Akaipiga kofia chini. "Bertha! Toka nje! Wameniletea Mhehe ukutani! Hesabu kuku haraka!"

Nami nikajua huyu ni Mngoni. Nikatua ndoo. "Hesabu vizuri," nikamwambia, "maana babu yako alipomkimbia babu yangu aliacha kiatu kimoja njiani. Nimekuja kuchukua cha pili."

Mke wake, Bertha, alicheka mpaka akashika mlango. Na hapo nikawa nimefika nyumbani.

Kwa asiyejua: Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu walipigana, wakachoka, sisi watoto wakatuachia matusi ya kucheka. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kigoda, na wewe huwezi kukasirika. Mzee Anord alikuwa anagonga ukuta wetu kila asubuhi kabla sijachemsha chai. "Mhehe, umeamka au umekufa?" Nami najibu, "Nimekufa, njoo unizike, lakini acha njaa yako huko." Baadaye akajua napenda vitendawili. Ikawa anagonga, anatega, na nikishindwa nampa mji. Kwa mwaka mmoja alininyang'anya Mafinga, Makambako, Tukuyu na Chimala pamoja na mpunga wake wote.

Sasa niseme habari ya kanisa, maana kosa langu limekaa humo.

Usharika wetu una huduma ya majirani. Kila Jumamosi asubuhi tunapita kota nyumba kwa nyumba, watu watatu watatu, skafu ya kijani shingoni. Tunapiga hodi kwa kila mtu, wa dini yoyote. Tunaimba ubeti mmoja, tunaomba, tunauliza: kuna mgonjwa? Kuna nguo za kufuliwa? Kuna mtu hajala? Mama Juliana ndiye anayetuongoza na ndiye anayeshika daftari. Ni mwanamke mchapakazi sana. Akisema saa tatu, saa tatu kasoro dakika tano ameshakohoa mlangoni kwako. Bertha aliingia kanisani kwa njia hiyo hiyo, tulipomfulia alipoumwa goti. Mzee mwenyewe ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, hakutufukuza, ila alikuwa anasema, "Imbeni, lakini huyo Mhehe abaki nje, mfukoni ana kijiko changu."

Mwezi wa pili kulitokea msiba kule namba thelathini. Watani wa hapo walikunywa, wakapigana, sufuria la wali likamwagika mbele ya jeneza. Ilikuwa aibu. Mchungaji wetu Gideon, kijana mpole aliyetoka chuoni juzi tu, akaita kikao cha wanawake. Juliana akasoma karatasi: kuanzia sasa mazishi ya kota yawe na utulivu, nyimbo na neno, bila utani. "Wanaokubali wanyooshe mkono."

Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha.

Sikusukumwa na mtu. Nilitaka nionekane mtu wa mji, mkristo aliyekomaa, asiseme mtu kwamba bibi huyu ametoka na mambo yake Nyololo.

Wiki tatu baadaye Bertha akafariki. Moyo ulisimama tu, asubuhi, anakoroga uji.

Mtoto wao Fred hakuwahi. Ni dereva wa malori, alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpaka huko Kongo, simu inapatikana leo kesho haipatikani. Kwa hiyo mzee alikaa peke yake kwenye benchi, na sisi wanawake tulikaa mkekani, skafu zimenyooka. Tuliimba vizuri. Tulilia kwa adabu. Mzee alinitazama mara tatu. Mara ya kwanza wakati jeneza linatoka ndani. Mara ya pili makaburini, kabla hawajashusha. Mara ya tatu wakati udongo umeshajaa. Mimi nikadhani anatafuta faraja, nikazidisha kulia.

Siku ya pili sikusikia ukuta kugongwa. Wala ya tatu. Jumamosi tukapiga hodi namba tisa.

"Hakuna mtu," sauti ikasema kutoka ndani.

"Baba, mbona unajibu?" Juliana akauliza.

"Nimesema hakuna mtu."

Juliana akaandika kwenye daftari: Namba tisa, hawakufungua. Jumamosi iliyofuata akaandika hivyo hivyo. Mpaka mwezi wa saba ukurasa mzima ulikuwa na maneno hayo. Tuliacha unga mlangoni, tulikuta unga mlangoni. Alikuwa anatoka alfajiri kununua vitu vyake gengeni, anarudi, anapiga komeo. Mimi nilimsikia anakohoa. Nilimsikia anasukuma kiti. Nikigonga ukuta, kimya.

Ndipo ikaja karatasi ya ofisi ya nyumba. Waliibandika kila mlango: mikataba yote inaandikwa upya. Afisa atapita namba moja hadi kumi na mbili Ijumaa, mpangaji atie sahihi mwenyewe, mlangoni kwake, mwisho saa sita mchana. Nyumba isiyotiwa sahihi itahesabiwa haina mtu, na watapewa wanaosubiri. Na wanaosubiri ni wengi, Violet mwenyewe alisubiri miaka mitano. Milango yote ilibanduliwa karatasi siku hiyo hiyo watu wakasome ndani. Ya namba tisa ilibaki pale, ukungu wa Julai ukailowesha mpaka ikajikunja kama jani la mgomba.

Jumatano asubuhi nikasogeza kigoda ukutani.

"Mzee Anord."

Kimya.

"Baba, keshokutwa utatia sahihi?"

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. "Sitii. Naenda Songea."

Nikabandika sikio ukutani. Bertha alishanisimulia habari za Songea. Nyumba yao iliangushwa na mvua, kaka zake mzee wamekwisha wote, shamba analima mtu mwingine. "Unaenda Songea kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani, baba yangu? Bwana akufariji, usikate tamaa, sisi majirani zako tuko pamoja na wewe katika..."

"Wewe usiniite baba!" Alipiga ukuta kwa kiganja, picha ya Violet ya mahafali ikacheza. "Hapo palikuwa na mtani wangu, alikuwa ananiita mwizi wa kuku. Sijui alikwenda wapi. Mimi nakaa na mama mmoja wa skafu."

Nikaishika picha isianguke.

"Mke wangu mlimzika kama mtu aliyeokotwa njiani," akasema, sasa polepole. "Watani wake walikuwepo. Nilikutazama, Yusta. Nikasema sasa hivi atasimama, atazuia jeneza, atasema huyu haendi mpaka nikombolewe. Makaburini nikasema, sasa. Ukafuta makamasi. Hakuna aliyemwiga, hakuna aliyemdai, hakuna aliyetuchekesha hata kidogo. Mtu anazikwa hivyo akiwa hana kwao. Kama hapa si kwao, basi si kwangu pia."

Akawasha redio, akaongeza sauti.

Nilikaa pale na kigoda changu mpaka chai ikapoa. Kwetu, mtani akifiwa wewe ndiye unayesimama wakati wengine wamelala chini. Unazuia jeneza, unateka vitu vya nyumba, mpaka wakukomboe kwa pesa au kuku. Unavaa nguo ya marehemu, unatembea kama yeye, unasema maneno yake. Watu wanamwona mara ya mwisho, wanacheka huku wanalia, na mwenye msiba anapata mahali pa kutolea pumzi. Hiyo ni kazi, na ni yako, hawezi kukufanyia mtu mwingine. Nilikuwa nimeijua tangu mtoto. Nikainyooshea mkono iondoke.

Mchana nikaenda kwa Juliana. Alikuwa anachagua maharage.

"Mama Juliana, Ijumaa nataka nimfanyie mzee Anord utani wa msiba."

"Msiba wa nani tena?"

"Wa Bertha."

"Bibi, Bertha ana miezi minne kaburini!"

"Ndiyo maana nina haraka."

Akaacha maharage. "Bibi Yusta, tulikubaliana. Mkono wako ulitangulia kuliko wa watu wote. Watu wa kota wanatutazama sisi wenye skafu. Leo tuseme hivi, kesho turukeruke milangoni kwa wafiwa?"

"Atapoteza nyumba."

"Tutamwombea. Na nitakuja Ijumaa, nitamsihi vizuri."

"Umemsihi vizuri Jumamosi kumi na tano, mwanangu. Umemaliza ukurasa."

Hakupenda maneno hayo. Nami sikupenda kuyasema, lakini yalikuwa kweli.

Jioni nikampigia mchungaji. Alikuwa Chimala kwenye semina, nyuma yake nasikia watu wanasogeza viti. Nikamwuliza bila kuzunguka: "Mchungaji, utani ni dhambi?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Karatasi yako inasema bila utani."

Akasogea mbali na viti. "Mama, mimi nilikuwa nawaza pombe na ngumi za namba thelathini. Niliandika haraka, usiku wa kuamkia kikao. Sikuuliza wazee. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, na ukuta, na Songea, na saa sita. Nikasikia anavuta pumzi. "Kwa hiyo mimi ndiye nimefunga ule mlango."

"Wewe ulileta kufuli, mimi nikafunga. Tusigombee."

"Fanya unavyojua, mama. Ijumaa nitaondoka huku mapema. Nikiwahi, nitasimama na wewe."

Ijumaa ikaamka na manyunyu. Mlima Loleza haukuonekana kabisa. Nikafungua sanduku langu nikatoa sweta la Bertha, la kahawia, lenye vifungo vinne na cha tano ni pini. Aliniazima siku moja ya baridi, akafa kabla sijarudisha, na mlango ukafungwa. Nikafunga na kitambaa chekundu kichwani, fundo kwa mbele, kama yeye.

Violet alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku, anamsubiri afisa. Akashtuka. "Mama! Umevaa nguo ya marehemu?"

"Nimechelewa miezi minne, usinicheleweshe zaidi."

Afisa wa nyumba, jina lake Masumbuko, alikuwa ameanzia namba moja saa tatu. Ni bwana wa koti refu na faili la plastiki, mpole, lakini saa yake anaitazama sana. Nilimwona yuko namba tano. Nikatoka.

Bertha alikuwa na goti bovu. Alikuwa anatembea mkono kiunoni, anavuta mguu, na akimwita mumewe anavuta jina mpaka linafika barabarani. Nikashika kiuno. Nikavuta mguu mpaka mlango wa tisa. Nikajaza kifua.

"Babaaa Freeed! Ugali unapoa!"

Redio ndani ikazimwa.

"Baba Fred, umevaa soksi moja tena! Ya pili iko wapi? Miaka arobaini natafuta soksi za mtu mmoja, ningekuwa nalipwa ningejenga ghorofa!"

Kimya. Lakini kimya cha mtu aliyesimama.

Nikamchukulia ufagio wake nje. Nikachukua jiko la mkaa, nikachukua kiti cha kamba, vyote nikavipanga katikati ya njia. Majirani wakaanza kutoka. Mama wa namba saba alishika mdomo, halafu bega lake likaanza kutikisika. "Jamani, ni Bertha," akasema. "Ni Bertha mtupu!"

"Na mchicha uliunguza!" nikaendelea. "Mtu anaunguza mchicha! Mtu anaunguza maji! Nimeondoka kidogo tu, tayari nyumba inanuka kama gari la moshi!"

Juliana akaja mbio na daftari kwapani. "Bibi Yusta, jamani, shusha sauti kidogo, aibu hii..."

"Mama Juliana!" Nilimgeukia na mkono kiunoni, sauti ile ile ya Bertha. "Wewe mtu wa saa tatu kasoro dakika tano! Nilikufa saa mbili makusudi usije ukanihimiza!"

Watu wakapasuka. Juliana alifungua mdomo kunikemea, na badala ya kukemea kikatoka kicheko, kikubwa, ambacho sikujua anacho. Kisha macho yake yakajaa. Bertha alikuwa rafiki yake, na yeye pia alikuwa amemlilia kwa adabu.

Lakini mlango haukufunguka.

Masumbuko akafika namba nane, akamaliza, akafika kwetu. Akatazama kiti katikati ya njia, akatazama sweta, akatazama saa. "Mama, samahani. Mwenye nyumba hii yupo?"

"Yupo."

"Basi afungue atie sahihi. Nina nyumba tatu mbele, na saa tano imeshapita."

"Anord!" Juliana akaita. "Baba, afisa amefika!"

Masumbuko akagonga mwenyewe, mara mbili, kwa heshima. Akasubiri. Akatoa kalamu. "Nitaandika haina mtu. Sipendi, lakini nitaandika."

Nikajilaza chini mbele ya mlango. Mimi, na miaka yangu sitini na nane, kwenye saruji yenye baridi. "Hapiti mtu wala kalamu!" nikasema. "Marehemu hajakombolewa!"

"Mama, utaugua!"

"Mwanangu, mtu wa kwenu akiwa na watani wake utamruka? Nipe dakika kumi."

Masumbuko alikuna kichwa. Sijui kwao ni wapi, lakini nadhani kwao nako wapo watani, maana aliifunga kalamu. "Nitaenda namba kumi na namba kumi na moja. Halafu narudi."

Nikiwa chini vile vile nikasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango. Nikaacha sauti ya Bertha, nikachukua yangu.

"Kitendawili!"

Hakuna.

"Kitendawili, wewe mwizi wa kuku!"

Nikasikia pumzi, karibu sana, upande wa pili wa ubao. Alikuwa amekaa chini yeye pia. "Tega," akasema.

Sikumbuki neno tamu kuliko hilo.

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hicho cha watoto. Umechoka, Mhehe."

"Haya. Anagongwa ubavuni kila asubuhi hasemi aah. Ana watoto wawili wakorofi, mmoja kulia mmoja kushoto. Mmoja akimnunia, wote watatu wanaumwa."

Akakuna ubao kwa ukucha. Nilijua anajua. Nilijua pia hatasema.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Ni ukuta wetu, mjinga wewe. Nipe mji."

"Chukua Makambako."

"Makambako ina upepo, siitaki."

"Chukua Iringa."

"Iringa ni ya baba yangu! Unanilipa kwa mali yangu? Nipe Songea."

"Songea sikupi."

"Umeshindwa au hukushindwa? Nipe Songea!"

"Haya, chukua!" akapaza sauti. "Chukua Songea, na barabara yake, na mahindi yake!"

"Nimechukua," nikasema. "Nimefika Songea. Nimeingia, nimefunga mlango, nimeketi. Sasa wewe utahamia wapi, mtani? Songea ni yangu, na mimi sipokei Wangoni."

Ubao ukatikisika kidogo. Halafu kikatoka kicheko, kile chake cha zamani kinachoanzia tumboni. Kikapanda, kikapanda, mahali fulani katikati kikageuka kilio. Hatukumkatiza. Nilibaki nimelala pale, mkono kwenye ubao, nasikia miezi minne yote inatoka. Juliana alikaa chini pembeni yangu, skafu kwenye maji, akanishika mguu.

Komeo likavutwa.

Alikuwa amekonda. Ndevu zimeota kama majani ya kiangazi. Na kweli, alivaa soksi moja. Akanitazama nilivyo pale chini, na sweta, na kitambaa chekundu. Akaninyooshea kidole.

"Mkono si huo," akasema.

"Nini?"

"Bertha alikuwa anashika kiuno cha kulia. Goti lilikuwa la kulia. Umeniharibia mke, Mhehe. Simama ufanye vizuri."

Wakaniinua. Nikashika kulia. Nikatembea kutoka mlango wake hadi wangu na kurudi, nikavuta mguu, nikamwita Baba Fred mpaka namba arobaini wakasikia. Naye alisimama mlangoni, anacheka, anajifuta kwa mkono wa shati, anasema, "Ndiyo. Ndiyo. Huyo ndiye."

Masumbuko alirudi saa sita kasoro dakika kumi na tano. Mzee aliulizia kalamu kabla hajaombwa. Mkataba ukaegemezwa kwenye ukuta wetu, kati ya mlango wa tisa na wa kumi, na hapo akatia sahihi jina lake lote, kwa herufi za mtu aliyewahi kuandika tikiti za reli. Masumbuko akapiga muhuri. Ukalia mlio mdogo, tap. Nikakalia kile kiti cha kamba nilichokuwa nimekiiba.

"Sasa nikombolewe," nikasema. "Vitu vyako havirudi bure."

"Unataka nini, kuku?"

"Kuku wako wana njaa kuliko wewe."

Akafikiri. Akashika ukosi wa sweta, akaifunga vizuri ile pini ya tano. "Kaa nalo hilo," akasema. "Baridi ya huku itakuua, nitakosa mtu wa kumtukana."

Mchungaji Gideon alifika saa saba, suruali imejaa matope ya njiani, mfuko wa mchele begani. Alisimama mbele ya mzee kama mwanafunzi. "Baba, nilikosea. Niliandika jambo la watu bila kuwauliza wenyewe."

Mzee akamtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe ni kijana. Omba, lakini ombi fupi, nina njaa ya miezi minne."

Akaomba fupi kweli. Na Juliana, bila kuambiwa na mtu, akaingia jikoni mwa Bertha akaanza kuosha sufuria zilizoungua mchicha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshavaa skafu, nachemsha chai kabla ya zamu yetu ya kupita nyumba, ukuta ukagongwa. Mara tatu.

"Mhehe, umeamka au umekufa?"

"Nimekufa. Njoo unizike."

"Kitendawili."

"Tega."

"Ana miguu sita, ana shingo tatu za kijani. Kila Jumamosi anagonga, anaimba, anaulizia watu afya zao, na hauzi kitu."

Nikaishika skafu yangu hapo shingoni. Jibu nililijua kabisa.

"Umenishinda, mtani," nikasema.

"Nipe mji!"

Nikampa Nyololo.